Kabla ya kununua GPU, soma lebo ya pawasaplai

Kompyuta za mezani ninazofungua zaidi hapa Arusha ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba, zile zilizomaliza kazi maofisini Ulaya zikaja kwetu. Mwenye nayo ni kijana wa Sakina anayetaka gemu, au mpiga video za harusi aliyechoka kusubiri Premiere, programu ya kuhariri video, imalize kurenda (kutoa video iliyokamilika). Swali ni lile lile, kuhusu GPU, yaani kadi ya picha: "Fundi, niweke GPU gani?" Nami huomba kwanza tufungue ubavu wa mashine tusome lebo ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, maana hiyo ndiyo inayoamua.

Chukua OptiPlex 9020 ya kasha dogo. Pawasaplai yake ni ya wati 255, haina waya wa kulisha kadi, na plagi inayoingia kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ni ya pini 8 za Dell wenyewe, kwa hiyo huwezi kuichomoa ukapachika ya kawaida ya dukani hivi hivi. Kadi inabaki kutegemea umeme wa sloti inamochomekwa peke yake, na sloti hiyo, PCIe x16, hutoa wati 75, basi. Kadi kama RX 580, inayokula wati 185, haikufai hata ukipewa bure.

Hapo ndipo watu huuziwa adapta: upande mmoja plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, upande wa pili pini 6 za kadi. Mimi siifungi, na mteja aking'ang'ania namrudishia mashine yake. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, piga hesabu, ni wati 54. Kadi yenye pini 6 ina ruhusa ya kuvuta wati 75 hapo. Plastiki huanza kugeuka kahawia, kisha inalainika na kushikana na pini, ukivuta inatoka vipande. Yupo atakayekuambia yake imedumu mwaka mzima. Sawa, labda anaangalizia sinema tu.

Ndani ya wati 75 zimo GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 na RX 6400 ya 2022. Hii ya mwisho inavutia, ni nyembamba na inakula wati 53 tu. Lakini inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 zinapitisha nusu ya data ambazo zingepita kwenye 4.0. Baya zaidi kwa mpiga video, haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuibana iwe faili. GT 1030 nayo ni hivyo hivyo. Kwa watu wa harusi nasema GTX 1650, ila ikague kabla: nyingine zina tundu la pini 6, na kasha dogo linahitaji kadi fupi yenye bano fupi. GTX 1050 Ti bado inasukuma kazi, ingawa tangu Oktoba 2025 NVIDIA hawatoi tena draiva mpya za gemu kwa kizazi chake, ni za usalama tu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo. Sasisha kwanza BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, mashine ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo madabodi huenda isiwake tena.

Sokoni, jihadhari na "1050 Ti" ya bei ya kutupwa. Mara nyingi ni kadi ya enzi za GTX 550 Ti, ya 2011, iliyobadilishwa BIOS yake yenyewe ili ijitambulishe kwa jina jingine. Iwashe hapo hapo dukani, fungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ipi. Ikitambua kuwa ni bandia huandika FAKE mbele ya jina. Tundu la VGA, lile la monita za zamani, mgongoni nalo ni dalili, kwani chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi ishara ya analogi ambayo VGA huihitaji.

Na kwa sababu hiyo hiyo, kama monita yako ni ya VGA, ile adapta ya bei rahisi ya DVI haitaonyesha kitu. Nunua ya HDMI kwenda VGA yenye chipu ndani, na waya uuchomeke kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la madabodi.