Maji Yaliyotulia Yanamdanganya Rubani: Maelezo Kuhusu Ndege za Majini Ziwa Nyasa

Tangu kiangazi kianze, ofisi yetu ya masuala ya usafiri wa anga hapa Mbeya imekuwa ikipokea swali moja kwa simu, kwa barua na hata pale getini: kwa nini Ziwa Nyasa halina ndege za majini, yaani eropleni zinazotua na kuruka juu ya maji? Wanaouliza ni wenye nyumba za wageni Matema, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Kyela, na vijana wenye mapenzi ya kweli na ndege. Swali hilo ni la heshima na nitalijibu. Hata hivyo wapo watu wanaopita wakikusanya fedha za "nafasi za awali" za safari za ndege ambazo hazina cheti chochote, na hao ndio walionifanya niandike sasa badala ya kusubiri.

Nianze na hoja ninayoisikia kila wiki, kwamba wakoloni walizitumia ndege hizi kwa hiyo na sisi tunaweza. Ni kweli zilitumika. Ila Mbeya ilifikiwa kwanza na ndege za magurudumu. Mwaka 1932 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya London hadi Cape Town, na ndege zake zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Mpika, Zambia ya leo. Ilipofika 1937 shirika hilo lilileta ndege kubwa zenye tumbo la mashua, aina ya Short Empire, injini nne, abiria wasiozidi 24. Njia ikahamia majini: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, hadi Durban. Mbeya ikaachwa nje ya njia kuu. Lindi ikawa kituo cha ndege za kimataifa kwa sababu tu ilikuwa na maji ya kutulia.

Kilichozipa nguvu ndege zile ni uhaba wa viwanja. Ndege nzito ya wakati ule ilihitaji mbio ndefu kabla ya kuruka, na viwanja vingi vilikuwa vya nyasi, vikilowa ndege inazama matope. Bahari na ziwa vilitoa mbio ndefu bila gharama ya kujenga. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, zikajengwa njia ndefu za zege za kurukia ndege duniani kote, na baada ya vita ndege za magurudumu za ziada zikauzwa kwa bei rahisi. Ndege ya magurudumu haibebi uzito wa tumbo la mashua hewani, inatua usiku kwenye taa, na abiria anashuka kwa ngazi bila kusubiri boti ije kumchukua. Shirika la BOAC, lililorithi njia za Imperial Airways, lilifunga huduma zake za ndege za majini Novemba 1950. Waingereza walikwishaanza kutengeneza nyingine kubwa zaidi, Saunders-Roe Princess. Ikaruka mara ya kwanza mwaka 1952 na haikuwahi kubeba abiria hata mmoja wa biashara.

Kwa hiyo nasema wazi: ndege hizi hazikufichwa na mtu, na hakuna njama ya wenye viwanja. Zilishindwa na lami.

Mahali zinapofanya kazi leo pana sababu zake. Maldives ina visiwa vingi vidogo visivyo na nafasi ya kiwanja, na maji yake yamekingwa na miamba ya matumbawe. Hata huko kuna bei ya kulipa. Ndege aina ya Twin Otter ikiwa na magurudumu hubeba abiria 19, lakini ikifungwa maboya ya kuielesha badala ya magurudumu hubeba karibu 15, kwa kuwa maboya ni mazito na yanakamata upepo. Nauli za wanne waliobaki nchi kavu lazima zilipwe na walio ndani.

Sasa ziwa letu. Liko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa bado ina uzito wa kutosha kuibeba ndege. Maji yake hayana chumvi ya kula mabati kama bahari. Hayo ni mazuri na nayakubali. Walioniuliza kuhusu Ziwa Ngosi, tafadhali tuelewane: Ngosi liko zaidi ya mita 2,000, ambako hewa ina uzito wa takribani asilimia 82 tu ya ule wa pwani, na limezungukwa na kuta za kreta pande zote. Ndege itakayoshuka mle haina pa kupandia. Bwawa la Mtera nalo hupanda na kushuka kati ya mita 690 na 698.5 kulingana na mvua na umeme unaozalishwa, na maji yakipungua visiki vinakuwa karibu na uso bila kuonekana. Sitarudi tena kwenye hayo mawili.

Nilisimama ufukweni Matema saa moja asubuhi na mwenyeji wangu, mzee mvuvi. Milima ya Livingstone ilikuwa imeutia ufukwe kivuli na maji hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hapo si hata mtoto angeshusha ndege?" Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo saa ninayoiogopa. Maji yakiwa kama kioo rubani haoni uso wake. Anaona milima na mawingu yaliyomo ndani ya maji, hajui kama yuko mita 20 au mita mbili, na wapo waliopiga maji wakidhani bado wako juu. Wakati wa kuruka, maji laini hung'ang'ania maboya na mbio zinakuwa ndefu zaidi. Rubani wa majini anataka vijiwimbi vidogo vya kumwonyesha uso wa maji na kulegeza maboya. Lakini ikifika mchana, hasa miezi ya upepo wa kusini kuanzia Mei, vijiwimbi vinageuka mawimbi. Nusu mita ya wimbi inatosha kuizuia ndege nyingi ndogo. Dirisha linalobaki kwa siku ni finyu, na hakuna ratiba ya abiria inayojengwa juu ya dirisha hilo bila kwanza kulipima.

Halafu kuna mitumbwi. Ndege iliyo majini haina breki. Injini ikiwaka tu, inatembea. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini, kanuni ya 18, zinaitaka ndege iliyo juu ya maji ikae mbali na vyombo vyote na isivizuie kupita. Maana yake mvuvi wa usipa mwenye mtumbwi wake ana haki mbele ya ndege ya mamilioni. Nyavu zake zinazoelea zina haki ya kutosagwa pia.

Kuhusu sheria, wananchi wengi wanaamini kwamba maji ni ya wote kwa hiyo kutua hakuhitaji ruhusa. Si kweli. Tafsiri ya kimataifa ya kiwanja cha ndege ni eneo lililotengwa la ardhi au maji. Ukitenga maji kwa ndege, umeanzisha kiwanja, na kiwanja kinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80. Mwekezaji anahitaji leseni ya kutoa huduma za usafiri wa anga, na cheti cha mwendeshaji wa ndege. Cheti hicho kina hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uchambuzi wa nyaraka, yaani miongozo yote ya uendeshaji na matengenezo, majaribio na ukaguzi, ambapo wakaguzi hupanda ndege na kuona jinsi mnavyotoa abiria ndege ikipinduka, na mwisho utoaji wa cheti. Hatua hazirukwi. Anayekuambia yuko "hatua ya nne na nusu" hajui anachosema. Rubani lazima awe na kibali cha daraja la ndege za majini katika leseni yake, maana leseni ya ndege za nchi kavu pekee haitoshi. Boti ya kupeleka abiria kwenye ndege ni suala la TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini, na athari za mazingira ni za NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Anayeuza tiketi bila leseni anatenda kosa na anaweza kushtakiwa. Ndege inaweza kuzuiliwa na leseni kusimamishwa au kufutwa. Jambo baya zaidi liko kwenye bima: kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa safari isiyo na kibali, na familia ya abiria ikabaki na msiba bila fidia. Kabla ya kutoa hata shilingi, omba kuona cheti, kisha piga simu ofisi za Mamlaka uulize kama kipo.

Kwa fundi kijana wa Ipinda aliyenionyesha maboya aliyoyachomelea mwenyewe: kazi ya mikono yako ni safi, nami nilifurahi. Niliyagonga na yakalia kama pipa tupu, chumba kimoja kutoka mbele hadi nyuma. Boya la ndege hugawanywa vyumba visivyopitisha maji, lielee hata vyumba viwili vikijaa, na liwe na uwezo wa kubeba asilimia 80 zaidi ya mzigo wake. Kila asubuhi rubani hupita na pampu ya mkono akinyonya maji chumba kwa chumba na kuhesabu mivuto, ili ajue ni kipi kimeanza kuvuja. Usilifunge boya hilo kwenye kitu chochote kinachoruka kabla hatujakaa pamoja.

Na kwa vikundi vya Matema na Kyela vyenye nia ya kweli, msianze na ndege. Nunueni daftari. Andikeni upepo na urefu wa mawimbi saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, kila siku, mwaka mzima, mkionyesha pia mitumbwi mingapi iko mbele yenu. Mje nalo. Hilo ndilo jambo la kwanza tutakalowauliza.