Sukari ikishagusa macho, ngozi na miguu anaiangalia nani?

Swali: Shikamoo dada nesi. Mama yangu yuko Tukuyu, ana sukari mwaka wa 12 na wameshamwambia imegusa macho. Sasa ana mabaka ya kahawia kwenye ugoko, nikimuuliza kama kajigonga anakataa.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwamini mama. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya damu, ile ya nyuma ya jicho inavuja au kuziba, na sehemu zingine za mwili nazo hazisalimiki. Mabaka ya mviringo yaliyobonyea kidogo, hayaumi wala hayawashi, kwa mwenye sukari ya muda mrefu ni kitu cha kawaida na hayahitaji dawa, kwahiyo usimnunulie krimu za kuchubua jamani. Ila yanapenda kutokea kwa watu ambao macho, figo na neva (mishipa ya fahamu) zimeshaguswa, so kliniki wamwangalie kwanza kuhakikisha ndo yenyewe, halafu omba wampime protini kwenye mkojo, presha, na ganzi ya miguu.

Swali: Si daktari wa macho anatosha? Miguu inaingiaje hapo?

Jibu: Hapa ndo naomba mnisikilize sana. Mtu mwenye macho mazima akikanyaga msumari atasikia maumivu, asiposikia ataona damu. Huyu wa kwetu haoni vizuri na miguu ina ganzi, yaani hana wa kumwambia. Fikiria baridi la Makete au Mufindi mwezi wa 6 na wa 7, mzee kasogeza miguu kwenye jiko la mkaa, au kaweka chupa ya maji ya moto kitandani, asubuhi nyayo ina malengelenge na yeye hana habari. Kwahiyo kila jioni mtu mwingine amwangalie, mjukuu wa darasa la 4 na tochi ya simu anaweza kabisa, aangalie nyayo, kisigino, katikati ya vidole. Soksi nyeupe zinasaidia maana damu inaonekana. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaa, na maji ya kuoga apimiwe na mwingine, au ajipime kwa kiwiko, sio kwa mguu.

Swali: Ngozi imekauka, inawasha, na visigino vina magaga.

Jibu: Neva zikiharibika jasho la miguu linapungua, baridi inamalizia. Aoge maji ya uvuguvugu, apake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ila katikati ya vidole asipake, pabaki pakavu, fangasi wanapenda pale. Magaga asikwangue kwa wembe. Majipu au fangasi za mapajani na chini ya matiti zikirudirudi mpimeni sukari, msiishie kupaka dawa. Kidonda chochote cha mguuni, hata kisichouma, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Swali: Insulini anajichoma mwenyewe, tumboni pana uvimbe laini.

Jibu: Inawezekana anachoma palepale kila siku. Mafuta yanajikusanya, insulini inaingia kwa kubahatisha na sukari inapanda na kushuka. Inabidi ahamehame, ila muongee na kliniki kwanza, maana dozi ileile ikichomwa sehemu isiyo na uvimbe inaweza kumshusha sukari ghafla. Na ile mistari ya sindano ni midogo mno kwa macho yake, mtu mwingine amvutie dawa.