Chama si dhehebu: muulize mgombea amefanya kazi gani

Uchaguzi ukikaribia, kwenye mabaraza ya Lamu, kuanzia Mkunguni hadi Faza na Kizingitini, huwa hukosi kusikia neno "huyu ni mwenzetu." Ukidadisi ni mwenzetu wa nini, aghalabu utaambiwa jina la chama. Kisha chama chenyewe huvishwa kanzu, kikazungumzwa kana kwamba kukihama ni kuhama dini.

Nawaandikia wapiga kura wanaoshika dini, anayesali jamaa msikitini na anayekwenda kanisani Mpeketoni kila Jumapili. Wengi wao wanachoogopa ni kumpa kura mtu atakayekuja kuharibu maadili ya watoto wao. Sina neno na hofu hiyo. Neno langu ni kwamba tunaitafutia dawa pasipokuwa pake.

Kenya haina chama cha dini, na kisheria hakiwezi kuwepo. Ibara ya 91 ya Katiba ya 2010 inakataza chama kuanzishwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Hata kabla ya Katiba hii, chama cha Kiislamu cha IPK kilichoanzishwa Mombasa mwaka 1992 kilinyimwa usajili. Kwa hivyo anayekwambia kwamba chama fulani ndicho cha waumini anakuuzia kitu ambacho msajili wa vyama hana.

Tena vyama vyenyewe havikai. Tazama kiti cha ugavana hapa Lamu: mwaka 2013 kilikwenda kwa UDF, 2017 kikachukuliwa na Jubilee, 2022 kikaenda ANC, na ANC nayo mwaka 2025 ikaungana na UDA. Chaguzi tatu, vyama vitatu. Aliyekosana na nduguye mwaka 2013 kwa sababu ya UDF, leo akitaka kuitetea ataitetea wapi?

Vitabu vyetu vimelisema jambo hili zamani. Nabii Yusuf alipoomba kusimamia hazina za Misri alitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Hakutaja ukoo wake, ingawa alikuwa nao wa kujivunia. Katika kisa cha Nabii Musa kule Madyan, binti wa yule mzee alimwambia babake kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu, yaani nguvu ya kazi pamoja na uaminifu. Biblia nayo, Kutoka 18, inaeleza jinsi Yethro alivyomshauri mkwewe Musa achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wanaochukia rushwa.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Abu Dharr. Katika masahaba, ni wachache waliosifika kwa ucha Mungu na ukweli wa ulimi kama yeye. Alipomwomba Mtume (SAW) ampe uongozi, alijibiwa kwamba yeye ni dhaifu na uongozi ni amana. Udhaifu huo haukuwa wa imani, kwani hakuna aliyeitilia shaka. Ulikuwa wa kazi ile. Ikiwa Abu Dharr alipimwa hivyo, sioni vipi mgombea wetu apite kwa kofia ya vito na salamu nzuri tu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ibada za kampeni ni nyingi (naziita ibada kwa makusudi), na mojawapo ni kumkalisha mgombea ugavana msikitini na kumuuliza atailindaje mahakama ya kadhi. Gavana hana la kufanya hapo. Mahakama za kadhi zimo kwenye Ibara ya 170 ya Katiba, ni sehemu ya Idara ya Mahakama, na sheria zake hutungwa na Bunge la kitaifa. Swali hilo mpelekee mgombea ubunge. Gavana muulize dawa kwenye zahanati, shule za chekechea, barabara za kaunti, vivuko na uvuvi, maana hayo ndiyo aliyopewa na Jadweli ya Nne ya Katiba. Seneta muulize atafuatiliaje pesa zinazotoka Nairobi, ambazo kwa Lamu zinapita shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Mwakilishi wa wadi muulize kama anajua kuisoma bajeti, kwa kuwa yeye ndiye atakayeipitisha. Wale wanaotuhimiza tupige "suti ya vipande sita", chama kimoja kwenye karatasi zote sita za kura, wanataka tusahau kwamba kila kiti kina kazi yake.

Uzoefu hauna maana ya cheo tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 baraza la kitaifa la kesi za mazingira (NET) likaifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu. Walioyapigania hayo walikusanya ushahidi, wakasoma ripoti nzito na kuhudhuria vikao miaka na miaka. Aliyefanya kazi ya namna hiyo ana la kuonyesha hata kama hajawahi kushika ofisi. Na aliyekaa ofisini miaka kumi bila la kuonyesha, huo nao ni uzoefu, lakini ni wa kumnyima kura.

Ushahidi upo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali hutolewa kila mwaka kwa kila kaunti, na za Mdhibiti wa Bajeti hutoka mara kadhaa kwa mwaka. Zote zinapatikana kwenye mtandao bila malipo. Kijana mmoja mwenye simu akizisoma na kuwaeleza wazee baada ya Isha, baraza lile litakuwa na maswali mazuri.

Jambo la mwisho ni viapo. Wapo wanaoshikishwa msahafu wampigie mtu fulani, au wanaotishwa kwamba wakienda kinyume watapata laana. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inataja vitisho vya madhara ya kiroho pamoja na vya mwili na mali, na kumtisha mpiga kura kwa namna hiyo ni kosa la jinai. Ukifanyiwa hivyo, ripoti kwa polisi au ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC. Kura ni ya siri, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza ulichokifanya kibandani.