Je, wajua kompyuta hupimaje udogo wa hatua za saa yake?

Katika ofisi ya wakala wa forodha jijini Tanga, kompyuta inaweza kuonyesha kwamba nyaraka mbili za kontena zimepokelewa kwa wakati mmoja, hadi milisekunde ya mwisho. Mara nyingi hazikuingia pamoja, ila saa ya kompyuta haikuwa imesogea tangu ya kwanza ilipoingia.

Saa hiyo huenda kwa kuruka. Katika mifumo ya Windows ya miaka mingi, imezoeleka kuruka mara 64 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 15.6 hivi, na matukio yote yaliyo ndani ya hatua moja hupewa saa ileile. Kuongeza tarakimu baada ya nukta hakusaidii. Anayetaka kujua upi ulitangulia hana budi kuzipa nyaraka namba za mfuatano.

Ili kuipima hatua hiyo, programu huisoma saa mfululizo na kulinganisha kila jibu na lililotangulia. Jibu likijirudia mara nyingi kisha likabadilika ghafla, mruko mdogo kuliko yote ndio hatua yenyewe. Likibadilika kila mara, tofauti ndogo kabisa huonyesha muda unaotumika kuisoma saa, na chini ya hapo hakuna kinachopimika. Wastani haufai, kwa kuwa mfumo endeshi huweza kuisimamisha programu katikati ya kusoma ili uhudumie kazi nyingine, na ucheleweshaji huo ungehesabiwa kuwa kasoro ya saa.

Itifaki ya NTP, yaani kanuni ambazo kompyuta hutumia kulinganisha saa zao kupitia mtandao, ambayo David Mills aliieleza mwaka 1985, huripoti matokeo ya kipimo hicho kwa kipeo cha 2: -6 ni sehemu moja ya 64 ya sekunde, na -20 ni takribani mikrosekunde 1, yaani sehemu ya milioni ya sekunde. Naona kutaja kilichopimwa badala ya kinachodaiwa ni uungwana wa kihandisi, maana mfumo endeshi wa Linux ukiulizwa hatua ya saa yake kwa kawaida hujibu nanosekunde 1, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde, ilhali kuisoma tu huchukua makumi ya nanosekunde.

Hata hivyo, hatua ndogo si usahihi. Mizani ya soko la Ngamiani inaweza kuwa na alama za gramu na bado ikapunja. Fuwele ya kwatsi, ambayo mitetemo yake ndiyo huiendesha saa ya kompyuta, ikikosea sehemu 20 kwa milioni huipotosha saa kwa sekunde 1.7 kwa siku, hata kama hatua zake ni za nanosekunde. Ndiyo maana NTP hutaja udogo wa hatua mahali pake, na tofauti iliyopo kati ya saa hiyo na saa ya seva, yaani kompyuta inayotoa saa kwa nyingine, mahali pengine.