Nani aliamuru nguo nne za skukuu?

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, Darajani, soko letu la mjini Unguja, haipitiki. Kina mama wamewashika watoto mkono mmoja, mkono wa pili mifuko, simu imebanwa kwa bega, wanaulizana bei ya viatu. Nami huwa nimo humohumo, nasukumwa na kusukuma. Kwa hiyo simsengenyi mtu nikisema kwamba mengi tunayoyakimbilia pale hayakuamrishwa na dini wala hayakuachwa na wazee.

Tuanze na lile kubwa: “Mtoto lazima awe na nguo mpya kila skukuu.” Na skukuu kwetu ziko nne: mosi, pili, ya tatu, ya nne. Hesabu mwenyewe, na viatu, na vibanio vya kulingana. Kwa sheria ya dini Idi al-Fitri ni siku moja tu, tarehe 1 Mfunguo Mosi, yaani Shawwal. Kesho yake anayetaka anaanza kufunga sita, zile siku sita za sunna za mwezi huo. Siku tatu zilizobaki ni ada yetu ya Unguja na Pemba, na mimi naipenda, watoto wakienda kiwanjani jioni na vipesa vyao vya mkono wa Idi. Lakini ada hiyo haikutaja idadi ya nguo. Sunna ni kuvaa kilicho bora katika ulivyo navyo, na kilicho bora chaweza kuwa na miaka sita. Marehemu bibi yangu, kule Wete, alimwagiza fundi aache pindo la vidole vinne kwenye gauni. Mwaka ukipita, pindo linateremshwa, gauni linafuliwa, linapigwa pasi, linafukizwa udi. Hakuna aliyejua kama ni la mwaka jana, isipokuwa mvaaji, ambaye mstari wa pindo la zamani aliuona vizuri sana. Mvaaji nilikuwa mimi, na nilinuna. Kwa wanaume mambo ni mepesi zaidi: kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono wiki baada ya wiki haizeeki upesi, baba huivaa mpaka mtoto akairithi.

La pili linaniuma zaidi. Ati zaka ya fitri ni ya wenye maduka na magari. Sivyo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Visiwani tunayafuata, inamlazimu kila Muislamu aliyebakiwa na ziada baada ya chakula chake na cha anaowalisha, usiku wa Idi na mchana wake. Kiasi chake ni pishi moja ya chakula tunachokula siku zote, kwa kila kichwa. Hata mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kutua anahesabiwa. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mizani ya dukani mchele wake huwa kati ya kilo 2.5 na 3. Nyumba ya watu 6 basi inatoa kilo 15 mpaka 18. Aliyetoa pishi yake, akiwa naye ni mhitaji, hazuiliwi kupokea ya jirani.

Wakati wake bora ni kabla ya sala ya Idi, kwa sababu makusudio ni maskini asilazimike kuzunguka milangoni siku ile. Nimewaona watu, na sijitoi, wakigombania viatu saa tano usiku wa kuamkia Idi, kisha wakaukumbuka mchele saa nne asubuhi, watu wamesharudi kusali. Tukitafuta kitu cha lazima katika matumizi ya skukuu, ni hizo pishi. Huo mkoba wa kulingana na viatu unaweza kungoja.

“Mgeni akikuta sufuria inakaribia kwisha, umeaibika.” Mgeni huyo ametoka nyumba tano na anakwenda nyingine tano. Atakula tonge mbili za bokoboko, kipande cha mkate wa kumimina, atakunywa maji ya ukwaju na kuaga. Sisi tunapika kama kila mmoja amekuja na njaa ya siku tatu, na skukuu pili pilau inanuka chachu. Asubuhi ya Idi, kabla ya kutoka kwenda kusali, sunna ni tende chache tu, kwa idadi ya witiri, yaani moja, tatu au tano.

Kuhusu sahani za kutupa na maboksi ya povu, kwamba bila hayo huwezi kuhudumia watu wengi: sinia moja hulisha watu wanne au watano na inaoshwa mara moja. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara, halafu povu tukalifungulia mlango. Povu haliozi, litalala tu kwenye jaa la Kibele. Kawa, kile kifuniko cha ukili, bado linafunika sahani, na pakacha la makuti bado linabeba embe.

Idi Kubwa, kwa ufupi: usikope kuchinja. Kwa Mashafi ni sunna iliyokokotezwa, si faradhi. Ng'ombe mmoja anatosha watu saba. Ngozi haiuzwi wala halipwi nayo mchinjaji, ila kutumia unatumia.

Na jirani yangu Mkristo ana yake: “Krismasi bila mti wa plastiki na theluji ya pamba haijawa.” Mti ule ni ada ya Wajerumani, iliyoenea Uingereza baada ya gazeti la London kuchapisha picha ya Malkia Victoria na jamaa zake wakiuzunguka, mwaka 1848. Hapa Disemba ni kaskazi na jasho. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, hapa mjini Unguja, liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa, na sidhani kama kulikuwa na pamba. Na nje kuna mti wa maua mekundu tele, ambao watu wenyewe wameuita mkrismasi.

Yeye huniletea keki, mimi humpelekea sahani ya Idi, na sahani hairudi tupu. Mwaka 2033, kwa hesabu za mwezi, Idi al-Fitri itakuwa mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena tarehe 23 hivi ya Disemba, karibu kabisa na Krismasi. Binti yangu ameshalisikia hilo na ameshapiga hesabu yake: skukuu nane, nguo nane.