Wembe si ule ule: nyembe na vinyoleo vya kunyolea ndevu

Mashabiki wa mpira wana msemo wao: wembe ni ule ule. Uwanjani sawa. Shavuni, hapana. Mimi ni kinyozi, nipo Tanga, na swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: "Fundi, ninunue wembe gani usiniwashe?" Anayeuliza hutaka nimtajie jina moja aende zake dukani. Mimi humwomba kwanza anioneshe anavyonyoa, kwa kidole tu, hewani. Tisa kati ya kumi wanakandamiza.

Kijana mmoja wa bandarini alinijia na vipele chini ya taya, vingine vimeshatunga usaha. Alikuwa akitumia kile kinyoleo cha plastiki chenye nyembe tano, kila asubuhi kabla ya zamu. Nyembe zikipangana hivyo, wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata ungali umevutwa, halafu kisiki chake kinarudi kujificha chini ya ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka hilo halimsumbui sana. Zetu zimejipinda. Kisiki kikianza kuota, badala ya kutoka tunduni kinatoboa pembeni, na mwili unakipokea kama mwiba. Hapo ndipo panapoota kipele. Nilimwambia aache kunyoa kabisa mpaka ngozi ipone, ndipo arudi tuanze na wembe mmoja, unaokata unywele usawa wa ngozi na kuuacha hapo hapo.

Ninachozungumzia ni kinyoleo cha chuma: unafungua kichwa, unalaza wembe wa makali mawili, unafunga. Mmarekani King C. Gillette aliandikisha kampuni yake mwaka 1901 na kupata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wa kinyoleo hicho, mwaka 1904. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, aliuza vinyoleo 51 na nyembe 168, basi. Umbo lile halijabadilika kiasi cha kutisha, ndiyo maana ukikuta kinyoleo cha babu kabatini, wembe wa leo utaingia.

Ukikishika dukani, usitazame mng'ao wa mpini. Tazama mwanya ulio kati ya makali na ukingo wa chini wa kichwa. Mwanya mdogo, kinyoleo ni mpole. Mwanya mkubwa, makali yanaigusa ngozi zaidi na kosa dogo linatoa damu. Ukingo nao una aina mbili: uliofungwa, na wenye meno kama kitana. Kwa anayeanza nasema ukingo uliofungwa na mwanya mdogo, hakuna mjadala. Merkur 34C ya Ujerumani ni mfano mzuri, vilevile Mühle R89 na Edwin Jagger DE89. Mühle R41 ni ya meno, na ni kali kwelikweli; waachieni wenye ndevu kama brashi ya viatu na mkono uliozoea.

Kisha tia wembe, funga, geuza kichwa kikutazame usoni. Makali yamechungulia sawa pande zote mbili? Kama upande mmoja umetokeza na mwingine umejificha, legeza ufunge upya. Ikirudia, kirudishe dukani. Na wembe ukitikisika ndani ya kichwa, utakuparuza hata uwe wa bei gani.

Nayajua haya kwa damu yangu. Kinyoleo changu cha kwanza kilikuwa cha meno, nikakitia wembe wa Feather, wa Japani, maarufu kwa ukali, Ijumaa asubuhi, nina haraka. Nilikwenda msikitini na kanzu nyeupe yenye matone matatu kwenye ukosi. Wembe haukuwa na kosa. Niliuoanisha vibaya, nikaukandamiza juu yake.

Watu huogopa wembe mkali, kumbe butu ndio unaoumiza: haukati, unavuta, nawe unaongeza nguvu. Kabla ya miaka ya 1960 nyembe nyingi zilikuwa za chuma kinachoshika kutu upesi. Mwaka 1962 Wilkinson Sword ya Uingereza ikatoa za chuma cha pua, kisichoshika kutu upesi, wengine wakafuata. Za siku hizi hupakwa tabaka jembamba mno ili ziteleze, na tofauti za tabaka hizo na za unoaji ndizo zinazofanya Derby ya Uturuki ijisikie laini, Feather kali, na Astra ya pakiti ya kijani katikati. Mimi humwanzisha mtu na hiyo ya kijani. Akizoea, namwambia anunue pakiti moja moja za aina tatu, abaki na kinyoleo kile kile na sabuni ile ile, abadilishe wembe tu. Kila aina anyolee mara tatu kabla ya kuihukumu. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mkupuo hutajua kilichokuchoma ni kipi.

Wembe ukianza kuvuta, tupa. Kwangu ni mara nne, kwa mwenye ndevu laini hata saba. Usiufute makali kwa taulo, suuza tu ukung'ute. Tena usichangie na mtu, hata ndugu wa tumbo moja.

Maji nayo. Kwetu maji ya visima vingi yana chumvi, sabuni haitoi povu la maana. Chota ndoo ya maji ya bomba au ya mvua, lowesha ndevu dakika mbili tatu, ndipo upake. Laza kichwa cha kinyoleo shavuni, shusha mpini taratibu mpaka usikie "krr" ya makali yakikata. Hapo ndipo penyewe. Uzito wa chuma utafanya kazi, wewe ongoza tu. Fuata nywele zinakolalia. Kwa wenye vipele, kurudi kinyume ni marufuku. Ukijikata, kipande cha shabu kilicholoweshwa kinazuia damu, na kikikuwasha uso mzima ujue umekandamiza.

Yule kijana alirudi baada ya miezi miwili, taya safi. Nilimnyoa nywele tu. Ndevu, alisema, anajinyoa mwenyewe siku hizi.