Si joto la baruti linalounganisha mabamba

Kuna njia ya kuunganisha mabamba ya metali mbili tofauti kwa kulipua baruti juu yake. Wengi huamini kwamba bamba la titani hushikana na la chuma kwa sababu moto wa mlipuko huyayeyusha yote mawili. Sivyo. Mlipuko hupita haraka mno, na joto lake halipati muda wa kupenya. Kinachounganisha ni mgongano.

Kwanza nyuso husuguliwa hadi zing'ae. Bamba jembamba huinuliwa juu ya lile nene kwa vishikizo vidogo, mara nyingi kwa pengo la kati ya nusu na mara mbili ya unene wake. Baruti ya chengachenga hutandazwa juu na kulipuliwa kuanzia upande mmoja, mlipuko ukisafiri takriban mita 2,000 hadi 3,500 kwa sekunde. Kasi hiyo huchaguliwa kwa makusudi: mahali mabamba yanapogongana lazima pasonge mbele polepole kuliko sauti isafirivyo ndani ya metali hizo, na bamba litue kwa mshazari. Hapo mchirizi mwembamba wa metali hufyatuka mbele na kufagia oksidi, yaani utando unaofanyika metali ikikutana na hewa, kisha nyuso safi hubanwa pamoja zikiwa bado yabisi. Ukikata kiungo utaona mawimbi madogo.

Kuyeyuka, basi, ni kasoro. Nguvu ikizidi, vijisehemu vilivyoyeyuka huacha michanganyiko ya titani na chuma, migumu lakini rahisi kupasuka. Ikipungua, mabamba hayashikani. Kingoni ushikamano huwa dhaifu hata kazi ikienda vizuri, ndiyo maana bamba la juu huandaliwa likiwa kubwa kidogo, na baada ya mlipuko kiungo hupimwa kwa ultrasauti (mawimbi ya sauti yasiyosikika), kisha kingo hukatwa.